Nisome petroli, ualimu au uhasibu? Jibu kwa binti wa Newala

Swali: "Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea Newala. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM na nimepata daraja la pili, pointi 11: Hisabati C, Fizikia D, Kemia D. Baba anataka nisome uhandisi wa petroli kwa sababu gesi iko kwetu. Mjomba anasema ualimu, eti serikalini mshahara hauchelewi. Rafiki zangu wananivuta kwenye uhasibu, tena chuo kipo hapa hapa Mtwara mjini. Nyumba ya jirani kuna kaka wawili wenye digrii na wote wapo tu nyumbani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kozi ipi ina ajira ya uhakika?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. C ya Hisabati kwenye PCM si haba. Nimeona wengi wanaoingia na mchepuo huo wakitoka na F mbili.

Kozi yenye ajira ya uhakika Tanzania haipo tena. Ilikuwepo enzi za wazee wetu, vyuo vikuu vikihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na serikali ikimpangia mhitimu kituo chake cha kazi. Leo hata daktari anamaliza miaka mitano ya darasani na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha anasubiri tangazo kama wengine. Kwa hiyo mtu akikuahidi uhakika, msikilize kwa heshima tu. Unachoweza kukipata ni kozi yenye foleni fupi kuliko nyingine, na foleni hiyo unaweza kuipima.

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596. Waombaji walifika 135,027. Kipindi hicho hicho nafasi za ualimu zilikuwa 14,648, na waombaji walizidi 200,000 kidogo. Magazeti yalishika hiyo laki mbili, mitandao ikalia, na kila mtu akasema ualimu umekufa. Wewe ni mtu wa Hisabati, gawanya mwenyewe. TRA ni watu takribani 85 wanaogombea kiti kimoja. Ualimu ni watu 14. Nakubali kwamba TRA ilichukua watu wa fani nyingi kwa pamoja, hivyo mizani si sawasawa. Hata hivyo kazi iliyokuwa inachekwa ndiyo iliyokuwa na foleni fupi, na ile ambayo kila mzazi anaiota ilikuwa na foleni ya kutisha. Sifa ya kozi mtaani haikuambii chochote kuhusu ajira yake. Kinachokuambia ni nani analipa mshahara huo, analipa watu wangapi, na wangapi wamesimama mlangoni kwake wakiwa na cheti kama chako.

Sasa tuje kwa baba, maana wazo lake ndilo zito zaidi.

Namwelewa vizuri. Mtu yeyote aliyekuwa Mtwara kati ya 2011 na 2014 anaikumbuka ile homa. Kampuni za nje zilikuwa zinagundua gesi kwenye kina kirefu cha bahari, kodi za nyumba zikapanda, nyumba za wageni zikaota kila kona, na bomba la kwenda Dar es Salaam likaanza kujengwa. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kwa ajili ya bomba hilo, na wapo waliopoteza maisha. Vyuo navyo havikulala: vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, UDSM na UDOM, vilifungua shahada za petroli, na watoto wenye ufaulu wa juu walizikimbilia. Baadaye mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Kampuni zikafunga mikanda, na ule mradi mkubwa wa kusindika gesi kimiminika pale Likong'o, Lindi, ukabaki kwenye mazungumzo. Mwaka 2022 serikali na kampuni zilitia saini makubaliano ya awali, tukashangilia, na mazungumzo yakaendelea. Wale watoto wa kundi la kwanza sasa ni watu wazima wenye familia. Ninaowafahamu wapo benki, wapo kwenye bima, wawili watatu wamepata kazi TPDC, shirika la petroli la serikali, au kwa wasimamizi wa sekta, na mmoja ana duka zuri sana la vifaa vya ujenzi Masasi.

Mradi ukianza kesho je? Hapa ndipo wazazi wengi hawajui kazi ya gesi inavyokwenda. Mhandisi wa petroli hasa anahitajika kwenye utafutaji, uchimbaji wa visima na usimamizi wa mwamba wenye gesi. Visima vya Mnazi Bay, inakotoka gesi ya Mtwara, ni vichache. Kisima kikishachimbwa, gesi inapanda kwa msukumo wake yenyewe, inapelekwa kwenye mtambo wa Madimba kuondolewa maji na uchafu, kisha inaingia kwenye bomba. Mtambo wa namna hiyo unaendeshwa na watu wachache kwa zamu, na wengi wao ni wa umeme, mitambo na vifaa vya kupimia na kuongozea mtambo. Wakati wa ujenzi ndipo watu wanapohitajika kwa mamia na maelfu: wachomeleaji wenye vyeti vinavyotambulika kimataifa, mafundi bomba, madereva wa mitambo mizito, wapishi, walinzi. Ujenzi ukiisha, wanaondoka. Kwa hiyo hata Likong'o ikijengwa mwaka utakaohitimu, nafasi zenye jina la petroli zitakuwa chache, na utazigombea na makundi yote yaliyohitimu kabla yako.

Gesi kuwa karibu na nyumbani hakukupi upendeleo wowote kwenye usaili, mwanangu. Nasema hivyo kwa uchungu, maana na mimi ni mtu wa huku.

Lakini usimwambie baba kwamba gesi ni uongo. Mwambie unataka kuingia kwenye gesi kwa mlango wa umeme. Tazama aliyesomea uhandisi wa umeme na nani anaweza kumlipa hapa kusini peke yake: mtambo wa Madimba, kituo cha TANESCO cha kufua umeme wa gesi, kiwanda cha saruji cha Dangote, bandari ya Mtwara, Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo yenye majenereta na mashine zisizotakiwa kuzimika, viwanda vya kubangua korosho, minara ya simu, miradi ya maji ambayo kila pampu yake ina mota. Likong'o ikija, nayo inaingia kwenye orodha. Isipokuja, hujapoteza kitu. Uhandisi wa mitambo uko vivyo hivyo. Petroli ina wanunuzi wachache na wote wanategemea bei inayopangwa mbali na sisi. Umeme una wanunuzi kila mahali, hadi Songea na Mwanza. Kama moyo wako utaendelea kudai petroli, utaisoma kwenye shahada ya pili, ukiwa tayari na kazi, na pengine mwajiri ndiye atakayekulipia.

Digrii yenyewe haimalizi kazi, na jambo hili huwapita wengi. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ya usaili, na naweza kukwambia mahali watu wanapodondokea. Chukua tangazo lolote la Mhandisi Daraja la II kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome taratibu. Utakuta shahada, utakuta fani, na mara nyingi utakuta sharti la kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya mhandisi mwenye uzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo aitwe mhandisi mtaalamu. Wapo wanaomaliza chuo na kukaa miaka miwili bila hata kujiandikisha ile hatua ya kwanza, kisha wanalalamika mfumo umewatupa. Mfumo umesoma tu kilichoandikwa kwenye tangazo.

Ukivuka mchujo wa karatasi kuna usaili wa kuandika, na kwa kazi za ufundi kuna wa vitendo. Kuna usaili mmoja siusahau. Tulifunga mezani stata yenye hitilafu, yaani kifaa cha kuwashia mota. Kijana wa kwanza alikuwa na GPA ya 4 na ushee kutoka chuo kikubwa. Alisimama mikono nyuma akatueleza kanuni za mota kwa Kiingereza kizuri, dakika tano nzima, bila kugusa kitu. Aliyemfuata alikuwa na digrii pia, ila alipitia stashahada kwanza. Alitoa tesita mfukoni, akahakikisha umeme umekatwa, akafungua kifuniko, akanusa, akacheka. "Koili ya kontakta imeungua," akasema. Hatukuwa na haja ya kujadiliana. Ukienda kwenye umeme, basi kila likizo ya mafunzo kwa vitendo, hiyo mnayoiita fildi, uitumie kushika vitu. Usiende kukaa ofisi ya mjomba kupanga mafaili ili upate mhuri. Omba bandarini, omba TANESCO, omba kiwandani, na uombe mapema, Januari kwa ajili ya Julai, kwa sababu nafasi zinajazwa na watoto wa Dar kabla wa kwetu hawajaandika barua.

Kuhusu ualimu, mjomba ana hoja, na nyumbani kwetu neno la mjomba halipuuzwi. Ila ualimu si kitu kimoja. Mwalimu wa Historia na Kiswahili na mwalimu wa Fizikia na Hisabati wanasoma miaka ile ile mitatu, wanapewa joho la aina moja, na baada ya hapo wanaingia kwenye foleni mbili tofauti kabisa. Matangazo ya serikali yamekuwa yakielemea sayansi na hisabati kwa miaka mingi, na tangu mtaala mpya uanze 2024 kuna mkondo wa amali sekondari unaotafuta watu wa umeme, ujenzi, ufundi magari na kadhalika. Pita shule za kata kuanzia Newala hadi Nanyumbu uulize wanafundishwa Fizikia na nani. Utaambiwa ni kijana wa kujitolea, au mwalimu wa Kemia anayebeba masomo mawili. Serikali isipoajiri, shule binafsi za Dar es Salaam na Pwani zinamtafuta mwalimu wa Fizikia na Hisabati hata katikati ya muhula. Mwalimu wa Jiografia hawamtafuti, wana barua zake kabati zima.

Jambo lililobadilika, na mjomba huenda hajalisikia, ni kwamba walimu sasa wanafanya usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira kama kada nyingine. Zamani uliomba TAMISEMI ukasubiri jina litoke, na aliyemaliza zamani alipewa kipaumbele. Sasa anapita anayefaulu. Kwa mtu mwenye C ya Hisabati mimi naona hiyo ni habari njema.

Uhasibu nitausema kwa kifupi. Wanaokushawishi wana hoja moja nzuri: Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mtwara, ungeishi karibu, na baba angepumua. Lakini hii ndiyo foleni ndefu kuliko zote tatu, kwa sababu karibu kila chuo nchini kinafundisha uhasibu, na anayekosa kozi nyingine huishia huko. Shahada ya uhasibu bila CPA, cheti cha taaluma kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA, siku hizi ni nusu ya safari. Mwenye CPA ni mtu mwingine, huyo anatafutwa. Ningekuwa na mtoto anayependa hesabu za fedha kweli kweli, ningemruhusu kwa sharti la kuanza mitihani ya bodi mara tu anapohitimu, na ningemwelekeza kwenye ushirika. Msimu wa 2024/25 korosho zilivuka tani 500,000. Zote hizo zinapita kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), ghalani na mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na mkulima analipwa baada ya makato ambayo mara nyingi hayaelewi. TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya huku, vina mamia ya vyama vya msingi chini yao, na vingi vinateseka kwa vitabu visivyofungwa sawasawa. Kazi ipo, ila mshahara wake ni mdogo na lawama zake ni kubwa. Wewe hukuniambia unapenda vitabu vya fedha, uliniambia rafiki zako ndio wanaovipenda.

Umeniuliza kozi tatu, ila najua wenzako watasoma jibu hili, basi niguse na zao haraka haraka. Rasilimali watu, utawala, uhusiano wa umma, maendeleo ya jamii: ni fani halali, ila tangazo la nafasi moja linapokea barua za kujaza gunia, kwa hiyo uwe na kitu cha ziada cha kujitofautisha. Sheria ni nzuri kwa anayejua kwamba mlango wa uwakili uko Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), si chuo kikuu. Mwaka 2022 ilizuka mjadala nchi nzima baada ya wanafunzi 26 tu kati ya 633 kufaulu moja kwa moja. Afya siigusi kwa kuwa hukusoma Baiolojia. Kilimo wanakidharau, na mimi sielewi kwa nini kwenye mikoa yenye kituo cha utafiti cha Naliendele na mikorosho kila upande, ila huo ni mjadala wa siku nyingine.

Hao kaka wa jirani, usiwachukulie kuwa ushahidi dhidi ya digrii. Waulize walisoma nini, walifanya fildi wapi, wamefanya usaili mara ngapi, na kama wanaomba kazi nje ya Mtwara. Majibu yao yatakufaa kuliko ushauri wangu. Wengi ninaokutana nao wanasubiri tangazo moja la serikali, wanaliomba, wanakosa, wanasubiri jingine mwaka unaofuata. Katikati hawafanyi kitu kinachohusiana na fani yao, na wakiitwa usaili wameshasahau hata walichosoma. Wengine walifaulu usaili kabisa, wakawekwa kwenye kanzidata kwa kuwa nafasi zilijaa, kisha wakabadilisha namba ya simu. Walipigiwa, hawakupatikana.

Kisha pesa, ambayo baba hawezi kukuambia lakini ndiyo inayomkosesha raha. Chuo kinafunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza na malipo ya mkulima bado hayajatulia. Kwa hiyo usajili, chumba na nauli ya kwenda Dar au Mbeya vitadaiwa kabla korosho haijalipa. Familia nyingi za kwetu hukwama hapo, kisha zinakimbilia kangomba, yaani zinauza korosho kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa. Zungumzeni jambo hili sasa, msisubiri barua ya chuo. Omba mkopo wa Bodi dirisha likifunguka, viambatisho vyote vikiwa kamili na vimehakikiwa. Wengi hunyimwa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa RITA. Mkopo unaweza kutoka pungufu, kwa hiyo pigeni hesabu ya kujazia. Na ujue kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Hilo nalo ni sababu ya kuuliza mapema nani atakulipa huo mshahara.

Uamuzi wangu kwako ni huu. Chaguo la kwanza weka uhandisi wa umeme, na usijifunge kwa UDSM peke yake. D ya Fizikia inaweza kukubana pale, wakati DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya zinafundisha fani hiyo vizuri na kwa mikono zaidi. La pili weka uhandisi wa mitambo kwenye vyuo hivyo hivyo. La tatu weka shahada ya sayansi na ualimu, masomo ya Fizikia na Hisabati, na uisome kwa moyo. Kabla ya kujaza, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uangalie sifa za kila kozi kwa kila chuo, kwa sababu kozi moja inaweza kuwa na vigezo viwili tofauti kwenye vyuo viwili.

Ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja, lazima uthibitishe chuo kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na muda wake ni mfupi. Tumia namba ya simu yako mwenyewe, usitumie ya stationeri iliyokujazia fomu. Ukikosa zote tatu awamu ya kwanza, usijaze kwa hasira kozi yoyote iliyobaki wazi. Subiri awamu ya pili uombe tena hizo hizo kwenye vyuo vyenye nafasi. Ikishindikana kabisa, stashahada ya umeme ya miaka michache kisha kuendelea na shahada ni njia nzuri. Yule kijana wa tesita alipita huko.